Matembezi ya Ahali katika Pwani ya Kwale: Mada Iliyosomwa Mbele ya Walimu na Wazee wa Mitaa



Nimetakiwa kusema juu ya tafrija ya ahali, yaani matembezi ambayo baba, mama, watoto na bibi yao mwenye mkongojo waweza kuyafanya pamoja siku ya mapumziko pasipo kukopa. Na kabla sijaingia katika maelezo nataka kwanza kuiondoa dhana iliyokita katika nyoyo za wengi wetu, kwamba starehe ya bahari iliwekewa wageni wajao Diani kwa ndege, na kwamba mwenyeji wa Ukunda au Msambweni hateremki pwani ila kwa kuvua, kuuza madafu au kutafuta kazi ya hoteli. Dhana hiyo haina asili katika mila zetu. Wazee wa mwambao walikuwa na siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi, wakubwa kwa wadogo wakateremka kuoga baharini. Na Idi, tangu mimi nilipopata akili, haikuwatimilia watoto mpaka nguo mpya zipate mchanga. Haya tuliyarithi kabla hoteli ya kwanza haijajengwa.

Fauka ya urithi huo ipo sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yaihesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma; basi mtoto wa mkulima wa Kinango achezapo pale haki yake ni sawa na ya mgeni aliyelala katika chumba cha thamani, wala hana haja ya kumwomba mtu ruhusa. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wazazi wakipita mbele ya majengo makubwa kwa hofu, wameshika viatu mkononi na kuwanong'oneza watoto wanyamaze, kana kwamba wameingia katika ua wa mtu.

Ikiwa haki ipo na bahari ipo, linalobaki ni maarifa, na maarifa ya kwanza ni ya mwezi. Mvuvi ayajua haya bila ya kufundishwa shuleni, lakini watoto wetu wengi wa mjini hawayajui, nami nasikitika. Katika maji ya bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, bahari yetu hupwa sana kiasi cha saa 4 asubuhi, ikarudi nyuma kuelekea mwambani na kuacha vidimbwi vya maji maangavu, humo mtoto akaona kiti cha pweza kimelala, kaa akijificha chini ya jiwe, na visamaki vya rangi ambavyo wengine huvuka bahari kuja kuvitazama. Juma moja baadaye, katika maji mafu, mambo hugeuka: saa ile ile ya asubuhi maji huwa yamejaa, wala hayatembei kwa nguvu nyingi, na hiyo ndiyo saa njema ya kuwaogesha wadogo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo mzazi ajuaye leo mwezi u siku ya ngapi aweza kukadiria Jumapili ijayo atakuta nini, na asitoe nauli ya watu 6 kutoka Kwale mjini kuja kutazama bahari isiyomfaa siku hiyo. Tena achague musimu. Kaskazi bahari hutulia, na kusi hutibuka. Na katika musimu wowote asimwache mtoto peke yake majini hata kwa muda wa kununua mabuyu, wala asimruhusu kukanyaga matumbawe peku, kwa kuwa mianyani mna viumbe vyenye miiba mirefu.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Atokaye Mombasa huvuka kivuko cha Likoni kwa miguu bila ya malipo, akapanda matatu hadi Ukunda, na kutoka njia panda hata ufuoni ni mwendo mfupi wa tuktuk. Mkeka mmoja chini ya mvinje, kapu la chapati na mbaazi za nazi, chupa ya maji, na kachiri au viazi vya karai vya kununua kwa mama wa njiani, ni karamu ambayo mtoto ataikumbuka uzeeni.

Wala bahari si tunu ya pekee. Kwenye mdomo wa mto Mwachema, baina ya Tiwi na Diani, umesimama kati ya mibuyu msikiti wa kale wa Kongo, ambao watu bado husali ndani yake, na mzazi aweza kuketi pale akawaeleza watoto ya kwamba pwani hii haikuanza na watalii. Barabarani Diani zimetungikwa ngazi za kamba ili mbega wavuke juu ya magari, na kuwatazama mbega wakivuka ni tamasha lisilo na tiketi. Kaya Kinondo, iliyo miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, huingiwa kwa kiingilio na kwa adabu, mgeni akijifunga kaniki na kufuata kauli ya mwenyeji wa Kidigo. Na huko Gazi kina mama wamejenga daraja la mbao ndani ya mikoko, ambapo mtoto hujifunza kwa nini samaki hupungua mikoko ikatwapo.

Juu ya vilima vya Shimba nitasema kwa moyo mzima. Hifadhi ile iliyotangazwa mwaka 1968 ndiyo makazi ya palahala waliosalia katika Kenya, na chini ya miti yake yako maporomoko ya Sheldrick yenye kimo kipatacho mita 20, ambayo huendewa kwa miguu pamoja na askari wa wanyama. Mwananchi hutozwa kiingilio kilicho rahisi kuliko cha mgeni, lakini gari ndilo kizuizi. Basi majirani wa familia 3 au 4 wakichanga matatu moja, kizuizi hicho huondoka. Maji ya chemchemi za Marere yateremkayo vilimani humo hunywewa Mombasa, nami naona ni dhuluma kwa mtoto kuyanywa maji maisha yake yote bila ya kuuona msitu uyatoao.

Sasa niseme lililoniuma. Njia niliyoipita udogoni, mkono wangu umo mkononi mwa marehemu bibi yangu, leo ina ukuta, na mlinzi aliyesimama hapo aliniambia kwa heshima nizunguke mbali. Sikumlaumu, kwani aliajiriwa asimame. Lakini bibi mwenye mkongojo hawezi kuzunguka, na haki ya mchanga isiyo na njia ya kuufikia ni haki ya karatasini.

Kwa hiyo nauomba mkutano huu, kabla haujavunjika, uteue watu wachache wazitembelee kwa miguu njia zote ziendazo pwani kutoka Tiwi hadi Msambweni, waandike zilizo wazi na zilizofungwa, na waipeleke orodha hiyo kwa serikali ya kaunti, pamoja na ombi la vyoo na vivuli mahali pa umma. Na kila mwalimu aliyeko hapa abandike ubaoni mwa darasa lake kalenda ya bamvua na maji mafu.