Ubongo Hufundishika

Mwaka 2015, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Lakini mwili ukitoka shimoni, akili huweza kubaki humo.

Labda nawe umewahi kunusurika kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, Geita au Mwakitolyo. Leo karasha la kusaga mawe likinguruma tu, moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka. Huo si uoga, wala hujarogwa. Ubongo umejifunza hatari, na unaweza kufundishwa upya.

Anza hivi: keti, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano, asubuhi na jioni. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Kabla ya kulala, mtajie mwenzako jambo moja jema la siku hiyo. Haba na haba, ubongo huzoea utulivu.

Pombe ya gongo haiponyi hofu hiyo, huiahirisha tu. Ndoto za kutisha zikizidi mwezi mmoja, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru, usingoje kesho: nenda leo.