Sauti ya Pili Ndani ya Matatu

Hotuba ya afisa wa usalama barabarani, Idara ya Barabara na Uchukuzi ya Kaunti, kwa wakazi, viongozi wa vyama vya matatu na wahudumu wa bodaboda.

Najua leo ni siku ya soko na wengi mmewaachia majirani biashara zenu.

Nimeombwa nizungumzie ushawishi. Neno hili kwetu halina sifa nzuri sana. Ukisikia fulani amemshawishi mtoto wa watu, hudhani alimpeleka maktaba. Na ukisikia mtu ana ushawishi, unamfikiria mwanasiasa au mwenye pesa. Leo tulichukue kwa maana pana zaidi: ni uwezo wa kumfanya mwingine abadili anachofanya, ilhali huna amri juu yake. Polisi akisimamisha gari, hayo ni mamlaka. Mama aliyeketi kiti cha nyuma akisema neno, dereva akapunguza mwendo, huo ni ushawishi.

Nimechagua matatu kwa sababu huko jambo hili limewahi kupimwa, hapa hapa Kenya, kwa magari tunayopanda sisi. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifuatilia matatu zaidi ya 2,000. Karibu nusu yake zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikabandikwa ndani vibandiko vya kumhimiza abiria aseme dereva anapoendesha vibaya. Zilizobaki ziliachwa vivyo hivyo. Kampeni hiyo haikufundisha madereva upya, haikubadilisha breki wala haikuongeza polisi barabarani. Kulikuwa tu na zawadi za kila wiki kwa madereva ambao walikuwa hawajabandua vile vibandiko, maana wenyewe mnajua vingedumu siku ngapi.

Kisha wakaangalia madai ya bima. Katika magari yenye vibandiko, madai yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi moja. Hivyo ndivyo vibandiko vya Zusha ambavyo wengi wenu mmewahi kuviona. Kama robo inaonekana ndogo, ihesabuni kwa matanga ambayo yasingekuwako.

Sisemi sheria haina kazi. Mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, nchi nzima iliona matatu zikifunga mikanda, zikiweka vidhibiti mwendo na kupaka ule mstari wa manjano. Lakini polisi yuko kwenye kizuizi, na kizuizi kikipita dereva anajua amebaki na nani. Amebaki na nyinyi. Abiria wako ndani ya gari safari nzima.

Mbona basi tunanyamaza? Kila mmoja anaogopa peke yake. Gari likiyumba, wote mnashika viti, wote mnatazamana, na kila mtu anadhani ndiye mwoga pekee. Nadhani hapo ndipo kibandiko kilifanya kazi yake: kilimjulisha kila abiria kwamba wenzake nao wamekisoma.

Anayesema wa kwanza hujibiwa, "Nunua gari lako!" Makanga wetu mliopo hapa mnacheka kwa sababu ni nyinyi. Mtu huyo hunyamaza, na gari huongeza mwendo, labda kwa makusudi. Kwa hiyo mimi naitilia mkazo sauti ya pili. Mtu akishasema, "Dereva, tafadhali punguza," wewe uliye karibu sema tu, "Ni kweli, punguza." Dereva anaweza kumpuuza mmoja aliye mnoko. Watatu waliolipa nauli ni vigumu. Na semeni mapema, kabla ya hasira, kwa adabu. Ukimtusi dereva mbele ya watu, atatetea heshima yake kwa mguu wa mafuta.

Kuna ushawishi mwingine ambao hatuutaji. Dereva mpole yuko steji, gari lake limebakiza viti viwili. Abiria anashuka, anahamia la yule wa mbio kwa sababu "huyu atatuchelewesha." Abiria huyo hajasema neno lolote, lakini madereva wote wawili wamemsikia vizuri. Na mwenye gari anayetaka hesabu isiyowezekana jioni, hata kama amekaa nyumbani, mkono wake uko kwenye usukani.

Mwendo nao una nguvu zake juu ya vitu, na vitu havisikii maombi. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne, kwenye barabara ileile na kwa magurudumu yaleyale. Mvua ikinyesha, mambo huwa mabaya zaidi. Mtoto anayevuka mbele ya shule amezoea kupima umbali kwa macho. Hana namna ya kupima hiyo mara nne.

Wahudumu wa bodaboda, sijawasahau. Sheria ya Trafiki inasema abiria mmoja, na kofia ya usalama kwa wote wawili. Lakini asubuhi tunaona watoto watatu kwenye pikipiki moja, na aliyewapandisha ni mzazi. Mzazi mmoja akikataa, mhudumu atamwambia wenzake wanakubali. Wazazi wa darasa zima wakikataa katika mkutano mmoja wa shule, nauli na ratiba zitapangwa upya ndani ya wiki.

Upande wetu, Katiba inatupa sisi kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma barabarani. Polisi wa trafiki hawako chini yetu, msije mkatudai tuwakamate watu. Matuta, alama za kuvukia na taa, hizo tudaini.

Na kwa kuwa kanuni za mwaka 2014 zinataka kila matatu iwe chini ya chama au kampuni, kuna mtu wa kumpigia. Andika namba ya gari, jina la chama, saa na mahali. Usipige picha ukiwa umemnyooshea dereva simu usoni. Shuka salama kwanza. Wenyeviti wa vyama wako mstari huu wa mbele, na nimewaomba kila mmoja asimame aseme malalamiko kwake yanapokelewa na nani, kwa simu gani, na dereva akilalamikiwa mara ya pili hufanywa nini.

Mwenyekiti, karibu uanze. Kipaza sauti kikitoka kwako kiende kwa kina mama wa soko, wale hupanda gari la saa kumi alfajiri na wana mengi ya kusema.