Mwanao Hasikii, au Haoni?



Ndugu zangu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mnaowalea wadogo zenu, nina jambo moja tu la kuzungumza nanyi alasiri hii. Ni kadi za picha ukutani. Msicheke kwanza.

Nianze na aibu yangu. Ramadhani moja nilimpiga binti yangu kofi. Alikuwa na miaka minne. Sambusa ziko kwenye mafuta, adhana imekaribia, nami nimeshamwambia mara sita: weka vitu vyako vya kuchezea, nenda kaoge, vaa, uje ukae. Hakufanya hata moja. Alisimama tu katikati ya sebule, ameshika kiatu kimoja. Nikasema, huyu ni mkaidi. Shangazi yangu, aliyefundisha chekechea miaka mingi, akanitazama akasema: "Mwanangu, umempa kazi nne kwa pumzi moja. Wewe mwenyewe ukienda sokoni waandika karatasi."

Kweli, naandika. Kwa nini nilitaka mtoto wa miaka minne awe na kumbukumbu kunishinda mimi?

Hebu fikirini. Neno likishatoka mdomoni limekwenda. Mtoto mdogo akilishika la kwanza, la tatu limeshampotea. Na hivi vineno vyetu vya "baadaye" na "subiri kidogo", kwake havina maana yoyote, maana hajui saa. Lakini picha haiondoki. Akisahau, anarudi kuitazama, wala hahitaji mtu wa kumpigia kelele.

Njia hii si yangu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha North Carolina, mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake walianzisha mpango uitwao TEACCH mwaka 1972, kwa ajili ya watoto wenye usonji. Waliona kwamba wengi wa watoto hao huelewa zaidi kwa macho kuliko kwa masikio, wakawapangia siku yao kwa picha na vitu. Baadaye walimu wa chekechea wakaona kumbe yafaa kwa mtoto yeyote.

Sasa, twafanyaje? Kata karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande chora kitu kimoja. Najua kuna atakayeuliza kuhusu kuchora viumbe. Hilo waulizeni masheikh, lakini kwa kazi hii hamhitaji uso hata mmoja: mswaki, ndoo ya kuogea, kanzu au buibui, sahani, mswala, mto wa kulalia. Zitundike kwa vibanio vya nguo kutoka juu kwenda chini. Nasema juu kwenda chini kwa sababu watoto wetu chuoni husoma kutoka kulia, na shuleni kutoka kushoto, usimwongezee mzigo. Chini kabisa weka bahasha. Akimaliza jambo, yeye mwenyewe aitoe kadi na kuitia humo. Yeye, si wewe! Utamu wote uko hapo.

Anza na kadi tatu. Mimi nilianza na kumi na mbili, siku ya pili zote zilikuwa chini ya kitanda. Kwa mtoto wa miaka miwili, mbili zatosha: kwanza kuoga, kisha uji. Na aliye mdogo zaidi, ambaye picha bado haimwambii kitu, mpe kitu chenyewe mkononi: kijiko kikiwa na maana ya kula, taulo ikiwa na maana ya kuoga.

Mwezi huu ndio wenye mtihani hasa. Mtoto amezoea kula na kulala mapema, ghafla nyumba nzima haina mpango wake wa kila siku: watu wanaamka usiku kula daku, wageni wanakuja kufuturu, baba yuko tarawehe, na yeye yuko macho saa nne usiku akilia. Analia kwa kuwa hajui kinachofuata. Basi tengeneza kadi za Ramadhani: tende, sahani ya futari, kisha mto. Siku ikibadilika, mbadilishie kadi mbele ya macho yake kabla jambo halijatokea. Ukisema kwenye kadi kwamba baada ya kuoga kuna kuchora, basi achore. Ukimdanganya mara mbili, kadi zako zitakuwa mapambo tu.

Niseme na mama mwenye mtoto wa usonji, ambaye huenda amejificha nyuma hapo na mwanawe akiogopa macho ya watu. Kwetu sisi wengine kadi hizi ni kurahisisha mambo. Kwa mwanao zaweza kuwa ndiyo lugha yenyewe. Haziponyi, na anayekuuzia dawa ya kuponya usonji mkimbie. Lakini mtoto aliyekuwa akijigonga kichwa kila mnapotoka nyumbani, pengine atatulia akijua mnakwenda wapi na mtarudi lini. Njoo mbele, ukae nasi.

Binti yangu sasa ni mkubwa. Kofi lile halikumbuki, nimemuuliza. Mimi nalikumbuka.

Vijana, baada ya futari leo yatabaki maboksi matupu ya tende. Msiyatupe. Makasi na kalamu ziko pale mezani, na vibanio nimekuja navyo.