Kaye ya Mama na Telefone: Programu ya Resto Niliyoandika Usiku

Hotuba ya mwanachama ku mkutano mkuu wa chama chetu, Lubumbashi. Tumeiacha karibu sawa ilivyosemwa.



Prezida aliniomba niseme namna nilivyofaulu. Nilimujibu hapana, nitasema namna 800 dola ya kasha yetu ilitumika. Mulinikopesha bila kuniuliza maneno mingi, na wengi hapa hawajaona hata siku moja kile kintu nilichotengeneza. Leo nahesabu mbele yenu.

Mbele ya kurudi hapa, nilifanya miaka sita ku Johannesburg mu resto za watu: kwanza kuosha sahani, kiisha kugawa chakula. Kule mteja akisema anataka nini, unagusa mashini, na mupishi anaona palepale mu jiko. Mi nikawaza: kintu hii ikifika Lubumbashi, nitakuwa tajiri. Muchana niko na kazi ya kompyuta mu kampuni moja, hiyo njo inalisha batoto. Programu nilikuwa naandika usiku, umeme ikirudi. Mara ingine inarudi katikati ya usiku, basi na mi naamuka.

Ya kwanza ilikuwa menyu mu telefone. Mteja anapiga picha ya kale kamraba keusi kalikobandikwa ku meza, na chakula yote inatokea na bei yake. Nilipeleka kwa mama mumoja wa Kamalondo, mwenye meza munane, si mbali na uwanja wa TP Mazembe. Wiki mbili, watu watatu walijaribu, na mumoja wao ni mimi. Mteja hawezi kuchoma mega zake ju ya kusoma kama kuko bukari. Bukari iko kila siku! Anauliza tu: "Mama, leo kuko nini?" Mama anajibu: "Sombe, lengalenga, thomson, na mbuzi imebakia kidogo." Saa nane sombe imeisha, menyu yangu bado inasema iko. Mama akaniambia: "Papa, hii kintu yako iko muzuri, lakini inasema bongo."

Siku moja ya mechi nikafunga kompyuta, nikakaa pembeni ya kasha yake, kazi yangu kuangalia tu. Hapo njo nilisoma.

Mutu wa kwanza analipa na dola tano, anataka arudishiwe mu franga. Kwa kiwango gani? Binti anayegawa chakula anasema yake, mama anasema ingine, mteja anasema ile ya wabadilisha feza wa njiani. Wa pili analeta dola kumi iliyopasuka ku kona, kidogo sawa ukucha; ninyi wote munajua, hakuna mutu ataikubali kesho. Wa tatu analipa na telefone. M-Pesa iko mu Congo tangu 2012, tumeizoea, lakini huyu anaonyesha mesaje ya juzi. Wa ine hana kintu: "Mama, andika." Na mama anaandika mu kaye.

Ile kaye, wandugu! Wafanyakazi wanakula mwezi muzima, wanalipa siku ya mushahara. Mama hajui majina ya wote. Kuko "wa kofia nyekundu", kuko "mwenye moto wa Katuba", kuko "yule murefu wa samaki mbili". Binti mumoja anaandika ku mwanzo wa kaye, mwenzake ku mwisho. Nikajumlisha usiku: deni ilikuwa karibu 400 dola, na mama alikuwa anafikiri ni 150. Kila siku alikuwa analalamika kama wateja ni wachache. Wateja walikuwako. Feza njo ilikuwa inalala mu kaye.

Nikatupa ile programu ya kwanza, miezi mitano ya usiku. Ya pili iko na ukurasa mumoja tu na haiombi intaneti. Asubuhi mama anaweka kiwango cha dola cha siku, hakuna kubishana tena. Akitoa sahani anagusa mara mbili: chakula gani, na imelipwa namna gani, franga, dola, telefone ao deni. Ya deni inaomba picha ya mutu. Wa kofia nyekundu alibadilisha kofia, sura ikabakia.

Sasa niseme kosa yangu. Mu mwezi wa tatu telefone ikaibiwa, na deni za wiki tatu zikaenda nayo. Sikuwa nimeweka kopi fasi ingine. Na mama alikuwa ameacha kaye, ju mi mwenyewe nilimwambia aache. Wateja wengine walilipa kwa roho yao, wengine wakasema hawakumbuki kintu. Nilimulipa mama 120 dola kutoka mushahara wangu, na bibi yangu hakunisemesha siku mbili. Tangu hapo, kila jioni hesabu inaenda kwa SMS ku telefone ya pili ya mama, ile ya vifungo, na kaye imerudi ku meza.

Mwenzetu mumoja, eko hapa, ananiambia kila mara: tafuta vijana wa moto, tupeleke chakula ku Golf na ku maofisi. Lakini tuangalie Nairobi, kule M-Pesa ilianza mu 2007. Kampuni ya Kune ilipata dola milioni moja ya wawekezaji, ikapika na kupeleka yenyewe, ikafunga mu mwezi wa sita 2022. Jumia, iliyo kubwa zaidi, ilifunga kazi yake ya kupeleka chakula mwisho wa 2023, mu Kenya, Uganda na inchi zingine. Ukiondoa mafuta ya moto na mushahara wa kijana, ku sahani ya bei ndogo kunabakia nini? Toast ya Marekani nayo ilianza na programu ya mteja kulipa na telefone yake. Ilipogeukia kazi ya resto yenyewe njo ilikomaa, mpaka ikaingia ku soko la hisa la New York mu 2021. Mi siko Toast. Nilifurahi tu kusoma kama hata wao walianza kwa mteja, sawa mimi.

Tuhesabu. Telefone tano za zamani, 350. Kompyuta ya mukono wa pili, 300. Intaneti na usafiri, 150. Leo resto ine zinatumia, kila moja inalipa 10 dola ku mwezi. 40 dola hailishi nyumba, kwa hiyo kazi ya muchana siiache. Wale wanaonisukuma niiache, hawalipe masomo ya batoto yangu. Nimerudisha 500. Inabakia 300, na naomba mupaka mwisho wa mwezi wa sita. Kamati ikikataa, nitauza kompyuta.

Na akija mutu mwingine na programu, kamati imutume kwanza wiki moja akae ku kasha ya mutu, mbele ya kumupa feza. Mungenituma mimi, ningeokoa miezi mitano.

Mama mwenyewe eko nyuma pale, njo alipika chakula ya leo. Mumuulize yeye, msiniamini mimi tu. Na mukumbuke kumulipa: asubuhi niliona mu telefone yake, chama chetu iko mu deni, na picha ni ya prezida.