Simu ya Mkononi na Amri za Malezi Baada ya Talaka



Amri za malezi ninazokutana nazo katika kazi yangu husema mambo matatu: mtoto akae kwa nani, mzazi mwingine amwone lini, na matunzo ya kila mwezi ni shilingi ngapi. Zaidi ya hapo zinanyamaza. Wazazi wakishatoka mahakamani, ugomvi unahamia kwenye simu. Baba anapiga, haipokelewi. Mama anatuma ujumbe wa ada ya shule, anakuta amezuiwa. Shangazi anaandika maneno makali kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mtoto mwenye miaka 11, anayeijua nywila ya simu ya mama yake, anayasoma yote. Hoja yangu ni kwamba amri isiyotaja simu ni amri pungufu, na upungufu huo analipia mtoto.

Sheria tunayo hapa Tanzania. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha iangalie matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza jambo kubwa. Kifungu cha 26 kinampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake mwingine kila anapotaka, ili mradi masomo yake hayavurugiki. Haki hiyo amepewa mtoto. Sisi mawakili tunaingia mahakamani tukiidai kwa niaba ya baba au mama, na wateja wetu wanaondoka wakiamini wameshinda mali.

Kutokana na imani hiyo kumezuka biashara mbaya: fedha kwa sauti. “Hujatuma hela, mtoto huongei naye.” Na upande wa pili: “Hunipi mtoto, na mimi situmi.” Kisheria hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Wajibu wa baba kumtunza mtoto, uliowekwa na kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa, hauondoki kwa sababu mtalaka wake amemnyima simu; wala mama hana kibali cha kumkatia mtoto mawasiliano na baba yake kwa sababu mwezi umepita bila matumizi. Anayevunja amri ashitakiwe kwa kuvunja amri. Tuwaambie wateja hivyo siku ya kwanza ofisini, tena kwa ukali, kabla ya kuzungumzia gharama.

Simu hiyo hiyo inaweza kuwa msaada mkubwa. Chukua matunzo. Zamani baba alikabidhi noti mkononi, na baada ya mwaka kila mmoja aliapa vyake. Leo fedha hupita kwenye M-Pesa au Airtel Money, na kampuni ya simu inabaki na tarehe, kiasi na namba. Amri itaje namba itakayopokea fedha na tarehe ya mwisho ya kutuma, kesi nyingi za matunzo zitakosa cha kubishania. Chukua pia mama aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, mtoto akabaki kwa bibi. Amri inayompa “kumtembelea mtoto kila mwisho wa wiki” haimsaidii kitu. Anachohitaji ni siku na saa ya kumwona mwanawe kwa video, na sharti kwamba anayekaa na mtoto ahakikishe simu ina chaji na bando. Kwa bibi mwenye kitochi, iwe simu ya kawaida. Tusiandike amri ambayo familia haina uwezo wa kuitekeleza. Marekani ziko mahakama zinazowaamuru wazazi kuwasiliana kupitia programu maalumu kama OurFamilyWizard, ambayo hairuhusu ujumbe kufutwa wala kubadilishwa. Kwetu, ujumbe mfupi wa kawaida unaohusu mtoto peke yake unatosha kuanzia.

Ushahidi una matatizo yake. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hakiruhusu ujumbe ukataliwe eti kwa kuwa ni wa kielektroniki, lakini kinataka mahakama ipime ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na mtumaji anavyotambuliwa. Bado tunaleta skrinshoti zilizokatwa juu na chini, hazina tarehe wala namba, bila kiapo cha kueleza zilitokaje. Tuwafundishe wateja kutunza mazungumzo mazima ndani ya simu yenyewe.

Kuna pia ushahidi ambao wakili hapaswi kuupokea. Kuingia katika akaunti ya mtalaka bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kibaya zaidi ni mtoto kupewa simu ya zawadi ili amrekodi mama yake, au asimulie nani alilala nyumbani. Nimesikiliza rekodi ya namna hiyo, na sauti ya mtoto anayeulizwa maswali na baba yake kuhusu mama yake haisahauliki. Hata kama ingepokelewa mahakamani, imeshamwumiza yule tunayedai kumtetea.

Na sisi wenyewe tuna deni. Hukumu siku hizi husomwa na yeyote kupitia tovuti ya TanzLII. Tunapoandaa hati, tutumie herufi badala ya jina kamili la mtoto, na shule yake tuiache.

Ndugu Mwenyekiti, naiomba semina hii isifungwe kabla ya kuteua kamati ndogo ya hakimu, ofisa ustawi na wakili, iandike kwa Kiswahili rasimu ya vifungu vya simu: saa za mtoto kuzungumza na mzazi asiyekaa naye, namba ya kupokelea matunzo, katazo la kumrekodi mtoto, na katazo la kumtangaza mitandaoni. Rasimu hiyo ipelekwe kwenye mabaraza ya usuluhishi wa ndoa na Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mashauri ya familia, ianze kutumika katika maridhiano yatakayosajiliwa mahakamani.