Kuchagua Spika za Kusimama kwa Sinema ya Nyumbani

Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Mbingu



Mpunga ukishauzwa, wengi wetu hupanda gari kwenda Ifakara kununua kitu cha kukumbukia mavuno. Siku hizi kitu hicho huweza kuwa runinga kubwa pamoja na spika mbili ndefu za kusimama sakafuni, ili sebule igeuke ukumbi wa sinema. Sikuja kuwazuia. Nimekuja kuzungumzia tarakimu moja iliyochapwa kwa wino mkubwa juu ya boksi, kwa kuwa ndiyo inayouza spika hizo, na ndiyo isiyostahili kuaminiwa.

Boksi husema wati 10,000, na pembeni yake herufi nne ndogo: PMPO. Maana yake ni kilele cha nguvu cha kufumba na kufumbua, kinachokokotolewa apendavyo mtengenezaji. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kukihakiki. Nguvu ambayo chombo hukihimili mfululizo, filamu ikiendelea kwa saa mbili, huandikwa RMS. Hiyo ndiyo ya kulinganishia. Isipoandikwa, geuzeni chombo msome kibandiko cha umeme kilichoko nyuma. Kikisema chombo hutumia wati 80, hakiwezi kutoa wati 10,000 mfululizo, kama vile mashine ya kukoboa isivyoweza kutoa mchele mwingi kuliko mpunga uliomiminwa. Kwa sebule ya mita nne kwa nne, wati 50 za kweli kwa kila spika zinatosha na kusalia.

Spika zisizo na waya wake wa umeme huhitaji amplifaya. Hapo someni omu: amplifaya inayotaka omu 8 au zaidi isifungwe spika za omu 4, itapata joto na huenda ikaungua. Na mitumba ya kutoka Japani, ambako umeme ni volti 100, isichomekwe moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230.

Nilipokuwa chuoni nilinunua spika yenye maduara manne ya kupendeza. Fundi alipoifungua, mawili yalikuwa pambo la plastiki, hayana waya wala sumaku. Duka silitaji, nami sikukagua. Tangu hapo, sauti ikiwa imefunguliwa, hutega sikio mbele ya kila duara kabla ya kutoa fedha.

Muuzaji atawawekea muziki wenye besi nzito, na besi huficha mengi. Mwombeni aweke filamu yenye watu wanaozungumza, apunguze sauti, nanyi msikilize kama kila neno linafika. Sinema ni mazungumzo kuliko mingurumo. Kumbukeni pia kwamba duka lililojaa bidhaa hunyonya sauti, ilhali nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji na bati lisilo na dari, hivyo sauti hugonga na kurudi. Mkeka au zulia, mapazia mazito, na kuzisogeza spika walau nusu mita kutoka kwenye kona husaidia kuliko kuongeza wati. (Mvua ya masika ikipiga bati, hakuna spika itakayoishinda, na jirani naye anahitaji usingizi.)

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Lakini lalamiko huhitaji ushahidi. Daini risiti ya mashine yenye jina na namba ya modeli, wala isiwe neno “spika” peke yake. Litunzeni boksi, maana ahadi ya muuzaji imechapwa hapo. Dhamana nayo iandikwe: ni ya miezi mingapi, inahusu sehemu zipi, na nani atalipa nauli ya kuirudisha spika Ifakara ikiharibika.