Bustani ya Bondeni Tusiihame
(Mazungumzo ya Katibu wa Chama mbele ya wanaushirika)



Nimeombwa niseme juu ya bustani yetu ya mboga kabla mkutano mkuu haujapiga kura. Kura yenyewe mnaijua. Wako wanaosema bustani imechoka, magugu yametushinda, tuiache tukafyeke msitu. Mimi nasema tusihame. Sisemi hivyo kwa sababu ni Katibu. Nasema kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu, nami nimeliandika katika daftari langu la kisomo.

Mwaka juzi mimi ndiye niliyeshauri tulete samadi kutoka zizini na kuimwaga siku hiyohiyo. Samadi ilikuwa mbichi. Ng'ombe anakula majani yenye mbegu, na mbegu nyingi zinapita tumboni zikiwa hai. Kwa hiyo tulipanda magugu kwa mikono yetu wenyewe. Kina mama mlipalilia mara nne, na mimi nikawa nawalaumu eti hampalilii vizuri. Leo nawaomba radhi mbele ya watu.

Samadi inatakiwa irundikwe kwanza. Panga tabaka la samadi, tabaka la majani mabichi, majivu kidogo, mwagia maji, funika. Rundo likipata moto ndani, mbegu nyingi zinakufa. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache ukakuta kina moto, rundo linafanya kazi. Ligeuze, la nje liingie ndani. Likiacha kunuka zizi likanuka udongo uliopata mvua, ndipo liende bustanini.

Mtu atauliza, mbona wazee wetu hawakuwa na marundo na walikula? Wazee wa Unyamwezi walilima matuta. Walipasua tuta la zamani, wakalaza majani na mabua katika mfereji, wakafunika kwa udongo. Tuta jipya likakaa juu ya majani yanayooza. Jembe moja lilipalilia na kutia mbolea. Nao walijua msimu. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wengi walisafiri kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua zinapokaribia wawahi kulima. Na shamba likichoka, waliliacha lipumzike.

Hapo ndipo sisi tulipokwama. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walikusanywa vijijini, mimi nikiwa mtoto mdogo. Shule tulipata, lakini mashamba ya karibu yakawa yanalimwa kila mwaka bila kupumzika. Na udongo wetu ni kichanga. Mbolea ya chumvichumvi ukiiweka yote siku moja, mvua kubwa inaishusha chini mizizi isiifikie. Igawe mara mbili, na iwekwe penye mboji. Msitu mnaoutaka nao ni kichanga kilekile. Utatulisha miaka michache, halafu tuhamie wapi? Na mizinga ya asali tutaitundika kwenye visiki?

Sasa ndago. Magugu mengine yang'oeni kabla hayajatoa mbegu, myalaze ndani ya tuta. Lakini ndago na sangari msizifukie! Ndago chini ina vifundo kama njugu, na ukiikatakata kwa jembe unaieneza. Ichimbwe kiangazi kwa uma, itikiswe udongo, ianikwe juu ya mwamba mpaka ikauke kabisa. Kisha pandeni matembele au maboga yafunike ardhi, maana ndago haipendi kivuli. Haitakwisha mwaka mmoja, nisiwadanganye.

Jambo jingine, nyanya zimepandwa palipotoka tumbaku. Nyanya, bilinganya na tumbaku ni ndugu, na minyoo inayofanya mizizi iwe na vifundo inawala wote. Nimeng'oa shina moja nikaliona. Liko hapa, lipitisheni kwa mkono.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Mvua hizi nusu ya bustani tupande marejea, ile mimea ambayo wamisionari wa Peramiho kule Songea waliieneza sana. Mizizi yake inatia naitrojeni kwenye udongo, majani yake yanafunika magugu, na minyoo ya mizizi inapungua. Ikianza kutoa maua tunaikata, tunaifukia ndani ya matuta. Msimu unaofuata tunabadilishana nusu na nusu.

Najua nusu ya bustani bila mboga ni nusu ya fedha, na kina mama mnaopeleka mchicha sokoni Tabora ndio mtakaoumia kwanza. Wengine wenu fedha hizo ndizo sare za watoto. Siwezi kuwaambia vumilieni halafu mimi nikae kivulini. Kipande changu kilicho kando ya kisima nawaachia msimu huu wote, mboga na mauzo ni yenu. Mwenyekiti, naomba iandikwe.

Kura ni Jumapili baada ya adhuhuri, chini ya mwembe. Jumamosi saa 1 asubuhi tuonane bondeni tuchimbe ndago kabla mvua hazijaanza. Mwenye uma aje nao. Majembe ya ushirika yako kwa mtunza ghala, na safari hii kila atakayechukua aweke sahihi. Matatu hayajarudi tangu palizi iliyopita.